Paa la Rangi juu ya Gofu la Kweli: Kisa cha Filamu ya Wafungwa wa Tasmania, 1927

Kisa ninachokichambua hapa ni cha filamu bubu moja, *For the Term of His Natural Life*, iliyopigwa nchini Australia mwaka 1926 na kuoneshwa kwa mara ya kwanza mjini Newcastle, New South Wales, mwezi Juni 1927. Ilitokana na riwaya ya Marcus Clarke ya jina hilohilo, ambayo hadi leo ndiyo hutajwa ya kwanza kila panapozungumzwa fasihi ya wafungwa waliosafirishwa kutoka Uingereza kwenda makoloni ya kusini. Gharama zake, ambazo kwa kawaida hutajwa kuwa karibu pauni 60,000, zilizidi za filamu bubu nyingine yoyote iliyotengenezwa nchini humo. Watazamaji wa nyumbani walifurika kumbini. Hata hivyo, waliotoa fedha hawakukipata walichokitafuta, na walioipinga tangu mwanzo hawakukutana na walichokiogopa. Kati ya matokeo hayo mawili kuna jambo la kiufundi ambalo naliona kuwa ufunguo wa kisa kizima, nalo ni kwamba mwongozaji alikuta majengo ya gereza yameezuliwa na moto, akayaezeka upya kwa brashi.

Riwaya na hukumu yake

Kati ya mwaka 1788 na 1868 Uingereza ilisafirisha wafungwa wapatao 162,000 kwenda Australia, na zaidi ya 70,000 kati yao walishushwa katika kisiwa kilichoitwa wakati ule Van Diemen's Land, ambacho leo ni Tasmania. Nitawaita wafungwa wa uhamisho, kwa sababu kuhamishwa kwenyewe kulikuwa ndiyo adhabu, na jela ilikuja baadaye kwa wale waliokosea tena huko walikopelekwa. Jina la riwaya limechotwa kutoka katika lugha ya hakimu. Sisi husema kifungo cha maisha, na msemo huo unatutosha mahakamani. Lakini hukumu ya zamani ilitamka kwamba mtu anahamishwa kwa muda wote wa uhai wake wa asili, kana kwamba mahakama ilikiri kuwa upo uhai mwingine ambao mkono wake haukuufikia. Kejeli hiyo Clarke aliipata bure, akaitia kwenye jalada.

Clarke alizaliwa London mwaka 1846, akafika Melbourne akiwa kijana mwaka 1863, akaishi kwa kalamu. Mwaka 1870 gazeti la *The Argus* lilimtuma Tasmania kufukua habari za wafungwa, na katika mwaka huohuo hadithi yake ikaanza kutoka kwa mfululizo katika jarida la *The Australian Journal*, ikaendelea hadi 1872. Kitabu kilitoka mwaka 1874 kikiwa kimepunguzwa sana na kupewa mwisho mwingine. Mwandishi alifariki mwaka 1881 akiwa na umri wa miaka 35, amefilisika.

Muhtasari wa hadithi unahitajika, maana bila huo uamuzi wa filamu hauwezi kupimwa. Kijana Richard Devine, mrithi wa tajiri wa kuunda meli, anagundua kuwa yeye si mwana wa huyo anayemwita baba. Usiku wa ugunduzi huo baba yake halisi, Lord Bellasis, anauawa. Kijana anakutwa karibu na maiti, na kwa kuwa kujieleza kungefichua siri ya mama yake, anajitaja kwa jina la kubuni, Rufus Dawes. Anaachiwa kwa shtaka la kuua lakini anapatikana na hatia ya kumwibia marehemu, kisha anapakiwa kwenye merikebu ya wafungwa. Katika kituo cha Macquarie Harbour anakuwa mfungwa miongoni mwa wafungwa. Afisa anayemtesa zaidi, Maurice Frere, ni binamu yake asiyejua kuwa wana ukoo mmoja. Waasi wakiongozwa na John Rex wanapoiteka merikebu ya serikali, Frere, mke wa kamanda na binti yake mdogo, Sylvia, wanaachwa ufukoni wafe. Ni Dawes anayewaokoa kwa kuunda mtumbwi wa ngozi za mbuzi. Mama anafariki, mtoto anapoteza kumbukumbu kwa homa, na Frere anajitwalia sifa yote: yeye ndiye aliyeunda mtumbwi, na Dawes ni muuaji. Dawes anarudishwa kwenye minyororo. Miaka inapita, Sylvia anakua na kuolewa na mtu anayeamini kuwa ndiye aliyemwokoa.

Mtu anaweza kudhani kuwa tukio la mtumbwi ni la kubuni tu, lakini Clarke alilichota katika nyaraka. Mwaka 1829 wafungwa waliiteka brigi iliyoitwa Cyprus katika ghuba ya Recherche, wakawashusha ufukoni wasiotaka kuungana nao. Miongoni mwa walioachwa, mfungwa aitwaye Popjoy alishirikiana na mwenzake kuunda mtumbwi mdogo wa fito na turubai, nao ukawawezesha kuifikia meli iliyowaokoa. Popjoy wa kweli alisamehewa adhabu yake. Clarke alilichukua tendo, akaukata msamaha. Naiona hiyo kuwa hatua ya kisanii iliyo nzito kuliko nyingine zote katika riwaya, kwa kuwa pale ambapo historia ilitoa haki kidogo, mwandishi aliamua kuinyima ili msomaji aione kasoro ya mfumo mzima badala ya bahati njema ya mtu mmoja. Kuhusu mla watu Gabbett, anayetoroka na wenzake na kuwamaliza mmoja baada ya mwingine, chimbuko lake ni Alexander Pearce, aliyetoroka Macquarie Harbour na kunyongwa Hobart, mji mkuu wa kisiwa, mwaka 1824. Hapo historia haikuhitaji kuongezewa chumvi.

Waliotangulia

Filamu ya 1927 haikuwa ya kwanza. Hadithi ilikuwa imekwisha zoeleka jukwaani tangu miaka ya 1880, hasa kupitia kundi la Alfred Dampier, na mwaka 1908 Charles MacMahon aliitolea filamu fupi. Mwaka 1911 Alfred Rolfe, mkwe wa Dampier, alitoa *The Life of Rufus Dawes* akiufuata mchezo ule wa jukwaani. Zote mbili zimepotea. Kilichofuata baada yake ni polisi wa New South Wales kupiga marufuku, mwaka 1912, filamu za majambazi wa porini, wale waliotukuzwa kwenye skrini tangu filamu ya genge la Kelly ya mwaka 1906. Wafungwa wa uhamisho hawakuwa hasa ndio waliolengwa na amri hiyo, ila walikuwa majirani wa karibu, na funzo kwa watengenezaji lilikuwa wazi: mhalifu aliye shujaa ni biashara ya hatari.

Mradi na watu wake

Kampuni iliyoibeba filamu ya 1927 ilikuwa Australasian Films, mshirika wa mtandao wa kumbi za Union Theatres, na kiongozi aliyeusukuma mradi alikuwa Stuart Doyle. Watu wa sinema waliuita muungano huo kwa jina la jumla la kuonesha ukiritimba, kwa kuwa ndio uliosambaza filamu na ndio uliomiliki kumbi, na ulilaumiwa kwa muda mrefu kwamba uliwapa Wamarekani nafasi na kuwanyima wenyeji. Kutengeneza filamu kubwa ya nyumbani kungejibu lawama hiyo. Kuiuza Marekani na Uingereza kungerudisha fedha. Malengo hayo mawili yalivutana tangu siku ya kwanza.

Mvutano ulionekana kwanza katika uteuzi wa mwongozaji. Kazi ilikuwa imepangiwa Raymond Longford, aliyekwisha jipatia heshima kwa *The Sentimental Bloke* ya mwaka 1919, filamu ya watu wa kawaida wa mitaani, yenye ucheshi usiopaza sauti. Akawekwa kando, na nafasi yake ikachukuliwa na Mmarekani Norman Dawn. Waigizaji wakuu pia walitoka Marekani: George Fisher alicheza Dawes na pia John Rex, na Eva Novak akawa Sylvia. Mwaustralia Dunstan Webb alipewa Frere, Jessica Harcourt akawa Sarah Purfoy, mwanamke anayempenda Rex na kumpangia njama, na jitu la mtu Arthur McLaglen, ndugu wa mwigizaji Victor McLaglen, likapewa Gabbett. Arthur Tauchert, aliyekuwa shujaa wa Longford mwaka 1919, aliwekwa kwenye sare ya mnyapara wa gereza, sehemu ndogo isiyolingana na jina lake. Ukilitazama jambo hilo kwa jicho la Longford, lina uchungu wake.

Mmoja wa walioajiriwa nyumbani anastahili sentensi yake mwenyewe. Nafasi ya Lady Devine, mama ambaye siri yake ndiyo inayomtupa mwana baharini, ilichezwa na Marion Marcus Clarke, binti wa mwandishi.

Fisher kubeba nafasi mbili halikuwa suala la kubana matumizi. Katika riwaya Dawes na Rex wanafanana kwa sababu ni wana wa baba mmoja, na kufanana huko ndiko kunakomwezesha Rex, akiisha kutoroka, kwenda Uingereza na kujifanya mrithi wa akina Devine. Msomaji hulazimika kumwamini mwandishi anaposema kuwa watu wawili wana sura moja. Mtazamaji haombwi imani hiyo, kwa kuwa sura ni moja kweli. Katika hili skrini iliizidi karatasi.

Kioo

Dawn hakuitwa kwa sababu ya umahiri wa kuongoza waigizaji, na filamu yenyewe inathibitisha hivyo, maana watu wake mara nyingi husimama kama waliopangwa kwa ajili ya picha ya harusi. Aliitwa kwa ajili ya ufundi wa picha za kioo. Tangu mwaka 1907, katika filamu kuhusu nyumba za wamisionari za California, alikuwa ametumia mbinu hiyo kwa kazi ileile: nyumba zile zilikuwa zimebomoka, naye akazirudishia mapaa na kuta bila kugusa tofali. Alikuwa, kwa maneno mengine, fundi wa magofu kabla hajaliona gofu la Tasmania.

Mbinu yenyewe inastahili kuelezwa kwa ukaribu, kwa kuwa wengi huidhani kuwa ni hila ya kukata na kuunganisha mkanda. Kamera hufungwa mahali pamoja isitikisike hata kidogo. Mbele yake, hatua chache tu, husimamishwa kioo kikubwa ndani ya fremu nzito ya mbao. Mtu anayechungulia kupitia lenzi huona jengo la kweli kwa mbali kupitia kioo: kuta zimesimama, madirisha ni matundu, na juu hakuna kitu isipokuwa anga. Mchoraji huketi pembeni na brashi, akiongozwa na aliye kwenye lenzi, akapaka kwenye kioo paa linaloanzia pale hasa ukuta unapoishia. Paa hilo, ambalo ukilisogelea ni doa la rangi la upana wa viganja vichache, kwenye lenzi linakaa juu ya ukuta wa orofa nne. Jua halisubiri: kivuli cha paa lililochorwa kimeganda kwenye saa moja, hivyo picha lazima ipigwe pale kivuli cha ukuta wa kweli kinapofikia pembe hiyohiyo, na wingu likipita kazi inasimama. Waigizaji nao wana mpaka wao. Anayetembea chini ya mstari ambapo rangi inakutana na jiwe ni mfungwa anayerudi selo. Anayeinua bango au ngazi kuuvuka mstari huo, ncha ya anachokishika inapotelea nyuma ya paa ambalo halipo.

Port Arthur, kituo cha wafungwa cha Tasmania ambako filamu ilipigwa, ilikuwa mahali pa kufaa kwa kazi hiyo kuliko pengine popote. Kituo kilianzishwa mwaka 1830, kikafungwa 1877. Kanisa lake, ambalo wavulana wafungwa wa Point Puer walishiriki kulipamba, liliungua mwaka 1884. Mioto ya 1895 na 1897 ikala majengo mengine, likiwamo lile kubwa lililoanza kama kinu cha unga na ghala la nafaka kabla ya kugeuzwa bweni la wafungwa. Kufikia 1926 palikuwa na kuta imara zisizo na mapaa, na njia zilizoota nyasi.

Kampuni ingeweza kujenga gereza la mbao na plasta Sydney, ambako ilikuwa na studio yake, na pengine ingetumia fedha kidogo zaidi. Kuliendea gofu lenyewe kulikuwa na faida ambayo seti haina: jiwe lilichongwa na watu walewale wanaosimuliwa. Wakati huohuo kulikuwa na hasara ambayo sidhani kama Dawn aliifikiria. Gofu lina ushahidi wake, na sehemu ya ushahidi huo ni kutokuwa na paa. Watu wa kisiwa waliliacha liungue, hawakulijenga tena, na baadhi yao walifurahi kuliona likianguka. Picha ya kioo ilipolirudisha paa ililifuta pia tendo hilo la kuliacha, na mtazamaji wa Newcastle au Chicago akaliona gereza zima, linalong'aa, lililo tayari kwa kazi. Mtu wa Hobart aliyeketi kwenye ukumbi huohuo alijua kuwa lile paa halipo. Alichokuwa akioneshwa ni kitu ambacho kisiwa kilikuwa kimekiacha kife, kikiwa kimefufuliwa kwa ustadi.

Nani anayesimulia

Ikiwa kioo ndicho ushindi wa kiufundi, ushindi wa kisanaa uko kwenye sehemu ya mtumbwi, na hapa nakiri kuwa ububu wa filamu uliisaidia kuliko nilivyotarajia. Riwaya inategemea msimulizi mwenye maneno mengi, anayetuhakikishia kuwa Dawes alifanya na Frere hakufanya. Filamu bubu haina msimulizi wa namna hiyo. Ina picha, na ina kadi za maandishi zinazokatiza picha hizo. Picha huwa inaaminika bila kuapishwa, lakini kadi hubeba kauli za watu, na watu husema uongo.

Matokeo yake ni haya. Tumekwisha mwona Dawes akishughulika na ngozi, akizinyoosha, akizifunga kwenye fito, mikono yake ikiwa ndiyo kitu chenye mwendo kwenye skrini wakati Frere akiwa hana la kufanya. Kisha walionusurika wanaokolewa, Frere anafungua kinywa, na tunachokipata kutoka kwake ni maandishi. Kumbukumbu ya Sylvia imefutika, yetu haijafutika. Katika ukumbi wenye watu mia kadhaa kila mmoja ni shahidi wa macho, na hakuna awezaye kuinuka akatoa ushahidi. Nimeisoma sehemu hiyo kitabuni mara kadhaa nikamhurumia Dawes. Kwenye filamu hisia inayonijia ni tofauti, nayo ni hasira ya mtu aliyeshuhudia jambo na kisha kusomewa taarifa rasmi inayolikana. Sidai kuwa Dawn alilikusudia hilo. Chombo chenyewe, kwa jinsi kilivyogawa kazi kati ya picha na neno, kilimfanyia.

Kwa bahati mbaya sehemu hiyo ndiyo pia inayoonesha filamu ilipoipunguzia riwaya makali. Kwa Clarke, Frere ni zao la mfumo. Anaanza akiwa afisa mkorofi mwenye kiburi cha ujana, na madaraka yasiyohojiwa ndiyo yanayomkomaza hadi kuwa kamanda wa Norfolk Island; hata wema wake mdogo, kama mapenzi yake kwa Sylvia alipokuwa mtoto, unaoza mkononi mwake. Nyuma yake wasomaji wa Clarke walimtambua John Price, kamanda halisi wa kisiwa hicho, aliyeuawa na wafungwa huko Williamstown mwaka 1857. Kwenye skrini Frere anabaki kuwa mwovu wa melodrama, na mwovu akishapatikana, sheria, gavana, wizara iliyoko London na kitabu cha kanuni vyote vinapumua. Watazamaji wanamchukia mtu mmoja, kisha wanarudi nyumbani. Huo ndio ulaini ninaoulalamikia, zaidi ya upungufu wowote wa damu au mijeledi.

Ulaini huo unafika kileleni kwenye mwisho. Katika kitabu cha 1874 Mchungaji North, mlevi mwenye dhamiri, anamwachia Dawes nafasi ya kutoroka kwa vazi lake, naye Dawes anaingia kwenye merikebu inayomchukua Sylvia. Kimbunga kinaizamisha, Sylvia anamtambua dakika za mwisho, na alfajiri maji yanawakuta wamekufa wakiwa wamekumbatiana. Filamu inakiweka kimbunga, na inakiweka vizuri, kisha inawaacha wawili hao juu ya chelezo, hai, bahari ikitulia. Mtu atasema kuwa hata Clarke katika toleo la jaridani alimwacha shujaa wake aishi, na ni kweli, lakini kule uhai uliendelea kwa kurasa nyingi hadi kwenye machimbo ya dhahabu na maasi ya Eureka, ukawa uhai wenye gharama. Chelezo ni njia ya kutojibu swali. Mnunuzi wa Kimarekani alihitaji mtu wa kumpungia mkono aondoke ukumbini akiwa na tumaini, na alipewa.

Malalamiko ya Tasmania

Kabla hata ya filamu kukamilika, magazeti yalijaa barua. Waliopinga walisema kuwa Tasmania, jimbo lililokuwa likihangaika kiuchumi na kupoteza vijana wake waliohamia bara, lingetangazwa duniani kama shimo la minyororo. Wengine walitaka filamu hiyo isipelekwe nje ya nchi. Walioiunga mkono walitaja kazi, fedha zilizotumiwa kisiwani na wageni ambao wangevutiwa.

Ni rahisi leo kuwacheka waliopinga. Sioni sababu ya kuwacheka. Usafirishaji wa wafungwa kwenda kisiwani ulikoma mwaka 1853, miaka 73 kabla ya kamera kufika, na mwaka 1856 jina la kisiwa lenyewe likabadilishwa ili lisinuke historia hiyo. Miaka 73 maana yake ni kwamba walikuwapo wazee walioketi magotini mwa babu aliyefika kwa pingu. Familia zilikuwa zimejenga maisha yao juu ya kutoulizana. Babu alikuwa "amekuja zamani", basi. Hata kijiji cha Port Arthur kilikuwa kimepewa jina jingine, Carnarvon. Kwa watu hao, kejeli ya riwaya ilivumilika kwa kuwa kitabu husomwa kimyakimya na mtu mmoja. Ukumbini mtu huona babu yake akiwa amekaa karibu na jirani.

Hata hivyo, hoja ya kulinda jina njema ilikuwa na udhaifu ambao wapinzani hawakuukabili. Kisiwa hichohicho kilikuwa kikiuza gofu. Wageni walifika Port Arthur kwa meli tangu gereza lilipofungwa, wakanunua postikadi, na kwa miaka mingi waliotembezwa humo waliongozwa na wazee waliokuwa wenyewe wafungwa hapo zamani. Aibu ilikuwa na tiketi muda mrefu kabla ya Dawn kufika na fremu yake ya mbao. Ugomvi wa kweli, kwa maoni yangu, haukuhusu kama hadithi isimuliwe. Ulihusu nani akate tiketi, na umbali gani kati ya mtazamaji na mfungwa uonekane kuwa wa heshima.

Hesabu

Filamu ilipofunguliwa Australia ilipendwa, na watu walijipanga. Lakini soko la nchi yenye watu wachache kuliko London na vitongoji vyake lisingeweza kulipa pauni 60,000 wakati filamu za kawaida za huko zilikamilika kwa elfu chache, na hesabu yote ilikuwa imeegemezwa ng'ambo. Ilipofika Marekani ilikuwa mwaka 1929. Sauti ilikuwa imekwisha ingia. Kumbi zilikuwa zikifungwa spika, na watu hawakutaka tena kusoma kadi. Waigizaji wa Marekani, mwongozaji wa Marekani na mwisho uliolainishwa kwa ajili ya Marekani vyote vikawa maandalizi ya karamu ambayo mgeni wake alikuwa amekwisha kula kwingine.

Nyumbani, Tume ya Kifalme ya kuchunguza biashara ya sinema ilikaa mwaka 1927 na 1928, na Longford alifika mbele yake kuulalamikia muungano uliokuwa umemweka kando. Dawn alipiga filamu nyingine kwa kampuni ileile katika visiwa vya Fiji, akajaribu filamu ya sauti Sydney mwaka 1931, kisha akaondoka. Longford hakupata tena kuongoza filamu ya ukubwa wa ile aliyonyang'anywa. Kuhusu hofu ya Tasmania, hakuna aliyesikia kuwa kisiwa kimesusiwa. Kinyume chake, katika mwaka uleule wa 1927 kijiji cha Carnarvon kilirudishiwa jina lake la Port Arthur, kwa kuwa wageni walikuwa wakilitafuta jina hilo na si jingine.

Mkanda nao ukaanza kuwa gofu. Nakala zilichakaa na kukatwakatwa, kama ilivyokuwa kwa filamu nyingi za enzi ile ambazo thamani yake ilipimwa kwa madini ya fedha yaliyomo kwenye mkanda. Mwaka 1981 Graham Shirley aliikusanya upya kutoka kwa vipande vilivyosalia, na palipokuwa na pengo aliweka vipande vilivyotupwa wakati wa uhariri pamoja na picha za mnato zilizopigwa wakati wa kazi. Anayeitazama leo ataona mwendo ukisimama ghafla, sura ya mwigizaji ikiganda kwa sekunde kadhaa, muziki ukiendelea, kisha watu wakianza tena kutembea chini ya lile paa. Picha ya mnato haijifanyi mwendo, na jicho hulijua pengo lilipo.